Uzi: Umeme jadidifu na gesi joto – mkono wa serikali utiwe wapi ili tani zipungue kweli?

#1 Mkokotoo (mleta uzi)

Wakuu,

Mjadala wa nishati jadidifu hukwama palepale: serikali itoe ruzuku au isitoe? Swali hilo halina nyama. Ni vigumu kutaja nchi iliyojenga jua, upepo au jotoardhi kwa wingi bila serikali kutia mkono. Kama haikulipa juu ya bei ya soko, ilisamehe ushuru. Kama haikusamehe ushuru, ilidhamini mkopo au ilijenga laini. Cha kubishania ni mahali pa kuutia mkono huo ili kila fedha ya umma iondoe tani nyingi.

Naanza na hesabu. Namba ni za mfano na nimeziviringisha ili yeyote aweze kuzirudia kwenye karatasi.

Kituo cha jua cha megawati 1:
– ujenzi: dola 1,000,000
– uendeshaji: dola 15,000 kwa mwaka
– uzalishaji: asilimia 20 ya uwezo, yaani 8,760 × 0.20 = megawati-saa 1,752 kwa mwaka
– muda wa kurudisha fedha: miaka 20

Usiguse kingine chochote. Badilisha gharama ya mtaji tu, yaani wastani wa riba ya benki na faida anayodai mwenye hisa:

Asilimia 5: marejesho dola 80,243 kwa mwaka, umeme dola 54.4 kwa megawati-saa.
Asilimia 10: marejesho dola 117,460, umeme dola 75.6.
Asilimia 15: marejesho dola 159,761, umeme dola 99.7.

Paneli zilezile, jua lilelile, bei inakaribia mara mbili. Mtambo wa jua au upepo unalipiwa karibu wote kabla haujatoa uniti ya kwanza (uniti ni kilowati-saa moja, megawati-saa ni uniti 1,000), kwa hiyo riba ndiyo mafuta yake. Jenereta ya dizeli ni kinyume chake: kuinunua ni rahisi, kuilisha ndiko kunakoumiza, na riba ikipanda haihisi sana. Ndiyo maana nchi yenye riba kubwa huishia kuchoma mafuta hata kama ina jua kali mwaka mzima.

Hoja yangu: ruzuku inayoshusha hatari, na hivyo riba, inazidi ruzuku inayopandisha bei. Pingeni kwa namba.

---

#2 Msongo400

Mleta uzi, nakubali hesabu, ila umesahau waya.

Shamba la upepo hujengwa kwa miaka miwili hivi. Laini ya msongo wa kilovolti 400 inahitaji njia, fidia za ardhi, vibali na mkandarasi asiyefilisika katikati ya kazi. Ukianza vyote siku moja, mitambo itaisha kwanza na itasimama ikisubiri.

Mfano unaojulikana ni Ziwa Turkana, Kenya. Mitambo 365 ya kilowati 850, jumla megawati 310. Mitambo ilikuwa tayari 2017. Laini ya kwenda Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikamilika Septemba 2018. Mkataba ulisema ucheleweshaji wa laini ni mzigo wa upande wa serikali, kwa hiyo serikali ililipa fidia ya umeme ambao haukufika kwa mtu. Hiyo nayo ni ruzuku, ila haikuondoa hata kilo moja ya hewa ukaa.

Texas walifanya kinyume. Sheria ya 2005 iliamuru maeneo yenye upepo yatambuliwe na laini zijengwe kabla mashamba hayajawepo. Zikajengwa kama kilomita 5,800 kwa takriban dola bilioni 7, zikakamilika karibu na mwanzo wa 2014, zikiwa na uwezo wa kubeba megawati 18,500 za upepo. Gharama iligawanywa kwa watumiaji wote wa gridi ile. Mwekezaji akija anakuta soketi ipo ukutani.

China nayo ilijenga mitambo haraka kuliko nyaya. 2016 ilizuia asilimia 17 ya umeme wa upepo wa nchi nzima usiingie kwenye gridi. Mkoa wa Gansu ulifika asilimia 43. Irudishe kwenye hesabu ya mleta uzi: ukizuiwa asilimia 17, megawati-saa 1,752 zinabaki 1,454, na dola 75.6 inakuwa 91. Umepoteza karibu theluthi mbili ya ulichookoa kwa kushusha riba kutoka asilimia 15 hadi 10.

---

#3 MpimaTani

Wote wawili mnahesabu dola kwa megawati-saa. Kichwa cha uzi kinasema tani. Megawati-saa moja ya jua haina kiasi maalumu cha tani. Inategemea imesukuma nini nje ya gridi saa ile.

Kwa mtambo wa mfano, kila mwaka:

Ikisukuma makaa ya mawe (takriban tani 0.95 kwa megawati-saa): tani 1,664.
Ikisukuma dizeli: lita moja hutoa kilo 2.68 za hewa ukaa, jenereta nzuri hutoa kama uniti 3.5 kwa lita, hivyo tani 0.77 kwa megawati-saa: tani 1,349.
Ikisukuma gesi asilia kwenye mtambo wa mzunguko pacha, unaotumia tena joto la moshi wake (tani 0.37): tani 648.
Ikisukuma maji ya bwawa: inategemea, narudi hapa chini.

Sasa tuseme serikali inaongeza dola 20 kwa kila megawati-saa. Kwa makaa umelipa dola 21 kwa tani. Kwa dizeli dola 26. Kwa gesi dola 54. Ruzuku ni ileile, tofauti ni nani amezimwa.

Kuhusu bwawa: mchana jua likizalisha, geti la bwawa linafungwa na maji yanabaki. Yakitumika jioni badala ya jenereta ya dizeli, umeokoa dizeli. Msimu wa mvua bwawa likiwa limejaa na maji yanamwagika bure, umeokoa sifuri. Anayetaka kujua faida ya kweli aangalie kumbukumbu za gridi saa kwa saa, asitumie wastani wa mwaka.

Kwa wanaoandaa makadirio rasmi: kanuni za miradi ya kaboni chini ya mkataba wa tabianchi wa Kyoto zilichanganya vipimo viwili, utoaji wa mitambo inayofanya kazi sasa na utoaji wa mitambo iliyojengwa karibuni au inayotarajiwa. Kwa jua na upepo uzito ni asilimia 75 kwa cha kwanza na 25 kwa cha pili. Kwa aina nyingine ni nusu kwa nusu, katika kipindi cha kwanza cha mradi. Kosa linalojirudia kwenye ripoti ni kuchukua kipimo cha makaa na kukizidisha kwa kila uniti, hata usiku wa mvua ambapo gridi nzima inaendeshwa na maji.

---

#4 Kitunguu_Saumu

Mbona mnaikwepa Ujerumani? Walitangaza bei ya kununulia umeme jadidifu, wakaihakikisha miaka 20, dunia nzima ikapata paneli za bei nafuu. Bei nono ilifanya kazi.

---

#5 Mkokotoo

@Kitunguu_Saumu Ilifanya kazi, lakini tazama kilichofanya kazi ndani yake. Sheria yao ya 2000 ilikuwa na mambo matatu: gridi ilazimike kupokea, malipo ya kudumu miaka 20, na bei inayoshuka kila mwaka kwa wanaoingia baadaye. Benki ikiona mapato ya miaka 20 yaliyoandikwa kwenye sheria, inakopesha kwa riba ndogo. Kwa hiyo hata pale riba ndiyo iliyoshushwa. Bei ilikuwa chombo tu.

Tatizo la bei inayotangazwa ni kwamba serikali inapanga bei lakini haijui kiasi kitakachokuja. Gharama ya paneli ikianguka ghafla na karani akachelewa miezi minane kurekebisha jedwali, mlango unafunguka wazi.

Uhispania: lengo la jua lilikuwa karibu megawati 400 hadi 2010. Mwaka 2008 peke yake zikafungwa kama 2,700. Serikali iliogopa kupandisha bili, ikaacha pengo kati ya gharama na bili likue kama deni la mfumo wa umeme, likazidi euro bilioni 25. Kisha ikakata malipo ya mitambo iliyokwisha kujengwa. Wawekezaji wakaenda kwenye mabaraza ya usuluhishi ya kimataifa. Kukata malipo ya nyuma ni kosa ghali kuliko yote kwenye fani hii, kwa sababu kila mkopeshaji atakayekuja baada ya hapo anaongeza hatari ya kukatwa kwenye riba yake.

Vietnam: senti 9.35 za dola kwa uniti kwa atakayemaliza kabla ya mwisho wa Juni 2019. Kutoka karibu sifuri hadi megawati 4,500 hivi ndani ya muda mfupi, nyingi zikiwa Ninh Thuan na Binh Thuan ambako jua ni kali. Laini za huko zikafurika, mitambo ikabanwa isizalishe. Tarehe moja ya mwisho kwa nchi nzima, bila kikomo cha kila mkoa, ni kuwaita wageni wote mlango mmoja saa moja.

---

#6 MpimaTani

Na swali la nani analipa linagusa tani moja kwa moja. Ujerumani ilikusanya ruzuku kupitia bili ya umeme. 2014 tozo ilifika senti 6.24 za euro kwa kila uniti. Matokeo: umeme ukawa ghali ukilinganisha na gesi ya kupashia nyumba na petroli ya gari, wakati lengo ni watu wahamie kwenye umeme. Julai 2022 tozo iliondolewa kwenye bili, gharama ikabebwa na bajeti ya serikali. Anayeanza leo asirudie njia ileile: ukitoza umeme ili kusafisha umeme, unachelewesha usafiri na upishi kuhama.

---

#7 Nyundo_ya_Mnada

Ndiyo maana nchi nyingi zimehamia minadani, ambako wazalishaji hushindana kuuza umeme kwa bei ndogo. Lakini mnada mbovu ni hatari kuliko bei mbovu, kwa kuwa unatoa namba nzuri ya kutangaza gazetini na mtambo haujengwi. Mambo ya kuweka kwenye nyaraka, na kinachoharibika usipoyaweka:

Dhamana ya zabuni. Iwe kubwa kiasi cha kumuuma anayejitoa, isiwe kubwa hadi wabaki wawili tu. Baada ya kushinda inabadilishwa kuwa dhamana ya utekelezaji iliyo kubwa zaidi, inayorudishwa kwa hatua: fedha za ujenzi zikikamilika, kisha mtambo ukiwashwa.

Masharti ya kuingia. Hati ya ardhi, kibali cha mazingira, barua ya mwendesha gridi inayotaja kituo cha kupoza umeme atakachoungwa, na kwa upepo angalau mwaka mmoja wa vipimo vya mlingoti mahali penyewe. Ujerumani 2017 iliruhusu vikundi vya wananchi kuingia mnada wa upepo bila kibali, na kuwapa miezi 54 ya kujenga. Vilichukua zaidi ya asilimia 90 ya uwezo katika awamu zote tatu za mwaka huo. Walitoa bei ya chini kwa kubahatisha kwamba mitambo ya miaka ijayo ingekuwa nafuu zaidi, na sehemu kubwa haikujengwa. Msamaha ulifutwa.

Bei ya ukomo. Ikiwa juu sana na washindani wachache, wote wanasogea kwenye ukomo. Ikiwa chini sana, hakuna anayekuja. Uingereza, Septemba 2023: ukomo wa upepo wa baharini ulikuwa pauni 44 kwa megawati-saa (kwa bei za 2012) wakati riba na bei za vifaa zilikuwa zimepanda. Zabuni za upepo wa baharini zikawa sifuri. Mwaka uliofuata ukomo ukapandishwa hadi 73, na walioshinda wakapata kama 59. Mwaka mzima wa ujenzi ulipotea kwa sababu ya seli moja kwenye jedwali.

Kalenda. Mnada mmoja mkubwa kila baada ya miaka mitano unaua mafundi na viwanda katikati. Marekani ni fundisho la upande wa kodi: nafuu ya kodi ya upepo ilianza 1992, ikawa inaisha na kurejeshwa. 2012, kwa kuogopa itaisha, zilijengwa zaidi ya megawati 13,000. 2013 kama 1,000. Winchi zikalala, wafanyakazi wakaachishwa, kisha wakatafutwa tena kwa bei ya juu.

Kusaini. Hili ni dogo linaloua mradi. Afrika Kusini iliacha bei ya kutangaza na kuingia mnadani 2011, ikapima zabuni kwa alama 70 za bei na 30 za manufaa ya kiuchumi kwa jamii, na bei ya jua ikaanguka kwa zaidi ya nusu kati ya awamu ya kwanza na ya tatu. Mnada mzuri kabisa. Kisha mnunuzi, kampuni ya umeme ya taifa, akakaa na mikataba ya washindi kwa miaka. 27 kati yake ikasainiwa Aprili 2018. Mshindi asiyesaini mkataba hana mkopo, na bei aliyotoa inaoza kadiri riba inavyobadilika. Andika tarehe ya kusaini kwenye nyaraka za zabuni, na adhabu imhusu mnunuzi pia.

---

#8 Kitunguu_Saumu

@Nyundo_ya_Mnada na ule mkataba wa tofauti ya bei wa Uingereza? Watu wanautaja bila kueleza.

---

#9 Nyundo_ya_Mnada

Ni rahisi. Mzalishaji anashinda kwa bei fulani, tuseme 60. Anauza umeme sokoni kama wengine. Soko likiwa 45, anaongezewa 15. Soko likiwa 200, anarudisha 140. Anapata 60 siku zote, benki inalala usingizi, riba inashuka. Gesi ilipopaa mwishoni mwa 2021 na 2022, wenye mikataba hiyo walikuwa wakirudisha fedha.

Pa kuangalia: bei ya soko ikienda chini ya sifuri, mfano Jumapili mchana jua likiwaka na viwanda vimefungwa. Mkataba unaoendelea kulipa hapo unamfundisha mzalishaji aendelee kumwaga umeme usiotakiwa. Mikataba mipya ya Uingereza hailipi saa hizo. Ujerumani nayo, tangu Februari 2025, mitambo mipya hailipwi wakati bei iko chini ya sifuri.

Haufanyi kazi pasipo na soko la saa kwa saa. Nchi yenye mnunuzi mmoja, yaani kampuni moja inayonunua umeme wote, inahitaji mkataba wa kawaida wa kuuziana umeme wenye malipo ya uwezo ulio tayari, vinginevyo ni kuiga shati bila kupima mabega.

---

#10 Msongo400

Kwenye nchi za mnunuzi mmoja swali la kwanza la benki huwa hili: mnunuzi huyu ana fedha? Kampuni ya umeme inayouza chini ya gharama ina madeni, na mkataba wake wa miaka 20 ni karatasi. Hapo serikali ina vifaa vitatu, kutoka cha bei ndogo kwenda kikubwa:

1. Akaunti ya akiba au barua ya benki inayoshika malipo ya miezi kadhaa, kwa kawaida mitatu hadi sita. Mnunuzi akichelewa, mzalishaji anachota.
2. Dhamana ya sehemu kutoka taasisi kama Benki ya Dunia, inayofidia serikali ikishindwa kutimiza ahadi maalumu zilizotajwa.
3. Dhamana kamili ya hazina, pamoja na kununua mradi mkataba ukivunjika. Hii inaingia kwenye deni la taifa hata kama haijalipwa senti. Hazina iirekodi mapema, isije ikashtukiwa.

Zambia ilipopata senti 6.02 kwa uniti mwaka 2016, bila kupanda kwa miaka 25, watu walishangaa. Bei ile ilitoka kwenye kifurushi: nyaraka zilizoandaliwa tayari, dhamana, mikopo ya masharti nafuu. Uganda ilichagua njia nyingine kwa mitambo midogo ya megawati 1 hadi 20 kupitia mpango wa GET FiT ulioanza 2013: ziada juu ya bei ikalipwa mapema badala ya kutapakaa miaka 20. Kwa riba kubwa, dola ya leo inazidi dola ya mwaka wa kumi na tano kwa mbali, kwa hiyo ruzuku ndogo inayolipwa mapema inafanya kazi ya ruzuku kubwa.

Sarafu nayo. Mkataba wa dola unashusha riba, lakini mwananchi analipa kwa sarafu ya nyumbani. Ikishuka asilimia 30, bili inapanda au kampuni inazama. India na Afrika Kusini hulipa kwa sarafu zao, ila zina benki za ndani zenye uwezo wa kukopesha muda mrefu. Kwa asiye nazo, njia ya kati ni kugawa: sehemu ya deni la nje kwa dola, sehemu ya uendeshaji na mikopo ya ndani kwa sarafu ya nyumbani.

---

#11 Mvuke_Mkavu

Nimesoma kote, jua na upepo tu. Jotoardhi haisaidiwi na mnada wala bei nono, kwa sababu hatari yake iko ardhini kabla hata ya kujua kuna nini.

Kisima cha kilomita mbili au tatu kinagharimu mamilioni ya dola na kinaweza kutoka kikavu, au kikatoa maji ya vuguvugu, au mvuke wenye asidi unaokula mabomba. Benki haikopeshi kisima cha kwanza. Anayechimba kwa fedha zake anadai faida ya mcheza kamari. Kwa hiyo mkono wa serikali uwe kwenye uchimbaji wa uchunguzi:

– Serikali ichimbe yenyewe na kuuza mvuke. Kenya iliunda kampuni ya umma ya kuendeleza jotoardhi 2008 kwa kazi hiyo. Menengai serikali ilichimba, mitambo mitatu ya megawati 35 ikagawiwa wawekezaji binafsi.
– Au ilipe sehemu ya gharama. Mfuko wa Umoja wa Afrika na benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW, kwa Afrika Mashariki hulipia hadi asilimia 80 ya uchunguzi wa juu ya ardhi na asilimia 40 ya visima vya uchunguzi.
– Au bima ya kisima: kikishindwa, sehemu inarudishwa. Inahitaji vipimo vilivyokubaliwa kabla ya kuchimba, la sivyo kila kisima dhaifu kitaitwa kilichoshindwa.

Na MpimaTani asije akasema sifuri: mvuke wa asili hubeba hewa ukaa. Maeneo mengi ni kidogo, lakini Uturuki magharibi, kwenye miamba ya chokaa ya bonde la Menderes, baadhi ya mitambo ilianza na viwango vinavyokaribia vya makaa. Pima gesi ya kisima kabla ya kuandika tani kwenye mpango wa taifa.

---

#12 MpimaTani

@Mvuke_Mkavu kweli kabisa, nakubali bila ubishi.

Niongeze tundu lingine. Panapokuwa na ukomo wa pamoja wa utoaji unaouzwa kwa vibali, kama soko la kaboni la Ulaya lililoanza 2005, ruzuku ya upepo katika nchi moja inaachia vibali, navyo vinanunuliwa na kiwanda cha nchi nyingine. Tani zinahama, hazipungui, isipokuwa vibali hivyo vifutwe. Tangu 2019 kuna akiba inayovuta vibali vya ziada sokoni, lakini haifuti vyote. Nchi iliyo ndani ya soko kama hilo ipange ruzuku na ufutaji wa vibali kwa pamoja.

---

#13 Kitunguu_Saumu

Basi kwa nini tusitoze kaboni tukamaliza? Acha ruzuku zote.

---

#14 Mkokotoo

Kwa sababu kodi inamuumiza mwenye makaa bila kumshushia riba mwenye upepo. Zinafanya kazi mbili tofauti. Uingereza iliziweka pamoja: kima cha chini cha bei ya kaboni kwa mitambo ya umeme kuanzia 2013, na mikataba ya upepo. Makaa yalikuwa karibu asilimia 40 ya umeme wao 2012. Mtambo wa mwisho, Ratcliffe-on-Soar, ulizimwa 30 Septemba 2024. Bila kodi, upepo ungeisukuma gesi kwanza, maana makaa yalikuwa rahisi kuchoma. Rudi kwenye orodha ya #3 uone tofauti ya 0.95 na 0.37.

Ila kodi ya kaboni kwenye gridi ambayo haina mbadala uliojengwa inapandisha bili tu. Jenga kwanza, kaza baadaye.

---

#15 Soketi_Tatu

Paneli za juu ya paa zimesahauliwa. Kwa kifupi:

Kubadilishana uniti kwa uniti kunavutia mwanzoni, lakini uniti ya saa sita mchana na ya saa mbili usiku hazina thamani sawa, na mwenye paa haachi kutumia nguzo. Wakiwa wachache gharama ya nguzo haionekani. Wakiwa wengi, inaangukia wasio na paa. California iliacha mfumo huo kwa wateja wapya Aprili 2023, ikalipa umeme unaorudishwa kwa thamani ya saa ileile, na watu wakaanza kununua betri. Afadhali kuanza na mita inayosoma pande mbili na kikomo cha ukubwa kuliko kutoa kisha kunyang'anya.

Msamaha wa ushuru ndiyo nafuu rahisi, na ndiyo inayoharibiwa zaidi bandarini. Tangazo likisema "vifaa vya sola" bila namba za ushuru, afisa anaamua mwenyewe. Andika namba za mfumo wa kimataifa wa 2022: paneli 8541.43, inveta 8504.40, betri za lithiamu 8507.60. Paneli zilihama kutoka 8541.40 ya zamani. Orodha ambayo haikurekebishwa inatoza kodi kitu ambacho waziri alisema kimesamehewa. Na ukisamehe paneli peke yake huku betri zikitozwa, watu watafunga paneli bila hifadhi, na jioni jenereta inawashwa kama kawaida.

---

#16 Msongo400

Nyongeza ya inveta, kwa wanaoandika kanuni za gridi. Australia Kusini, 28 Septemba 2016: dhoruba iliangusha nguzo, volteji ikatikisika mara kadhaa ndani ya dakika chache. Mashamba tisa ya upepo yalikuwa na mpangilio wa ndani uliohesabu mitikisiko na kupunguza umeme ikizidi idadi fulani. Megawati 456 zikaondoka, jimbo zima likaingia gizani. Mitambo haikuwa mibovu. Mwendesha gridi hakuwa anaujua mpangilio ule, na ulibadilishwa baadaye kwa programu. Kwa hiyo sharti la ruzuku liwe: mzalishaji akabidhi mipangilio yote ya ulinzi na mfano wa kompyuta wa mtambo kabla ya kuungwa. Halina gharama kwa hazina.

---

#17 Nyundo_ya_Mnada

Mleta uzi, kabla hesabu yako ya #1 haijanakiliwa kwenye andiko la mtu: umeacha uchakavu wa paneli. Weka nusu ya asilimia kwa mwaka, ndicho kiwango kinachotumika sana. Uzalishaji wa miaka ya mwisho unapungua, na kwa kuwa unapunguzwa thamani kwa riba, athari si sawa kwenye mistari yote mitatu.

---

#18 Mkokotoo

@Nyundo_ya_Mnada sahihi. Nimeirudia, uzalishaji wa mwaka wa kwanza 1,752, kisha unashuka kwa 0.995 kila mwaka:

Asilimia 5: dola 56.5 (ilikuwa 54.4)
Asilimia 10: dola 78.1 (ilikuwa 75.6)
Asilimia 15: dola 102.4 (ilikuwa 99.7)

Zote zimepanda. Pengo kati ya juu na chini lilikuwa dola 45.4 (kabla ya kuviringisha), sasa ni 45.9. Nimerekebisha faili langu, na anayetumia #1 achukue namba hizi.